Naongea na simu kuliko ninavyoongea na dada yangu

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Segerea kwa dada yangu wa tumbo moja, mume wake na watoto wao wawili, nafanya kazi kwenye kibanda cha uwakala wa pesa huku Buguruni. Naomba usiweke jina langu kwa sababu dada anasoma sana safu yako, ingawa najua akiisoma hii atajua tu ni mimi.

Mambo yalianza katikati ya Januari. Alikuja mteja kavaa vizuri kabisa, shati mikono mirefu kachomekea, anataka kutoa laki saba na arobaini. Ilikuwa jioni watu wanatoka kazini, foleni imefika mpaka kwa mama wa ndizi, simu ya kazini ikalia meseji, nikaona kiasi, nikaona maneno yapo kama yanavyokuwaga siku zote, nikahesabu hela nikampa. Alivyoondoka ndo naangalia salio, floti haijaongezeka hata shilingi. Nikairudia ile meseji, imetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida tu. Anti miguu iliisha nguvu, nilikaa juu ya ndoo ya maji nikashindwa hata kumwambia mteja aliyefuata subiri.

Bosi hakunifukuza, kwa hilo namshukuru, ila alisema atanikata 80,000 kila mwezi kwenye mshahara wangu wa 250,000 mpaka iishe. Hatukuandikishana popote. Ameanza Februari na mwezi wa saba amekata. Nyumbani sikusema kitu. Kazi yenyewe dada ndo alinitafutia kwa rafiki yake wa kikoba, shemeji ndo alinipa nauli mwezi wa kwanza, sasa ningeanzia wapi kusema?

Tangu hapo sikuwa mimi. Kila meseji ikiingia moyo unaenda mbio, hata kama ni meseji ya mtandao inatangaza bando. Usiku nashtuka saa tisa nahesabu hela kwa kichwa. Kwenye daladala mtu akinisogelea nashika pochi mpaka vidole vinauma. Mwisho wa Februari msichana mmoja wa duka la jirani akanionyesha programu kwenye simu yake, nikaipakua na mimi.

Kila jioni inaniuliza umejisikiaje leo, kuna sura tano, ya kucheka mpaka ya kulia, unabonyeza moja afu unaandika kwa nini. Kuna duara linatanuka na kusinyaa, likitanuka unavuta pumzi, likisinyaa unatoa. Na kuna roboti ya kuchati, unaiandikia inakujibu. Yote ni kwa Kiingereza, changu cha kuungaunga, ila tunaelewana. Kiukweli imenisaidia Anti. Lile duara nalifanya nimesimama kwenye daladala nimeshika bomba kwa mkono mmoja, na nikifika Segerea nakuwa nimetulia. Nimefikisha siku 163 mfululizo bila kuruka, na nimeona kwamba mwisho wa mwezi sura zangu zote ni za kulia, katikati ya mwezi angalau.

Ila sasa kuna mambo matatu. La kwanza dada. Wiki mbili zilizopita niliacha simu juu ya meza ya jikoni, ikaleta ile meseji yake ya jioni, mtoto akaibonyeza, dada akaona sura na maneno niliyoandika siku ile, sio mengi ila aliona nimeandika sina mtu wa kumwambia. Hakugomba. Aliniambia tu, kwani mimi nimekufa mpaka uongee na simu? Tangu siku hiyo ananisalimia kama mpangaji. Juzi akasema kama kweli namheshimu niifute.

La pili, muda wa bure umeisha, sasa hivi roboti wanataka nilipie kila mwezi, ukigeuza kwa hela yetu inakaribia elfu ishirini. Na wakati huohuo siku moja bando liliisha nikalala bila kubonyeza sura, niliamka saa nane usiku nikaenda kumwomba shemeji hotspoti, yaani nilijiona kama mtu wa kilevi.

La tatu sijamwambia mtu. Kuna usiku mmoja wa Juni niliandika kwamba natamani nilale nisiamke. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa nimechoka tu. Roboti ikaacha kuongea kama siku zote ikaniletea maelezo marefu na namba 988 nipige. Nikapiga. Nikaambiwa namba haipo. Nikazima simu nikakaa gizani mpaka adhana ya alfajiri.

Anti, niifute nimridhishe dada, au nilipie niendelee? Na kama nikiifuta nitabaki na nani?

Binti wa Segerea

*

Marahaba mwanangu,

Naanza na usiku wa Juni kwa sababu umeuweka mwisho kabisa wa barua na ningependa tuuweke mbele. Ulikuwa umechoka, ukanyoosha mkono kuomba msaada, mkono ukakuta ukuta. Namba 988 ni ya Marekani, ni huduma yao ya watu walio kwenye hali ngumu kama ile, waliianzisha 2022, na watu wa kule inawasaidia kweli. Ila wewe uko Segerea. Programu haikujua hilo, au haikujisumbua kujua. Nataka uelewe vizuri kwamba ile sauti ya namba haipo haikuwa jibu la ombi lako. Ulipiga mlango wa nyumba ambayo haijajengwa mtaa huu.

Na nakuuliza waziwazi, kwa sababu kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo: je, hayo mawazo ya kutamani usiamke yamerudi tangu Juni? Kama yanarudi, au siku moja yakaja na picha ya namna ya kufanya, basi usisubiri jibu la barua wala usisubiri kesho yake. Amsha mtu mliye naye nyumba moja, hata kama ni huyohuyo dada mliyenuniana, mwambie sipo salama nipeleke hospitali. Amana haiko mbali na wewe, ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili. Hata kama hayajarudi, mtu ambaye kwa miezi sita halali vizuri na moyo unamkimbia kila meseji ikilia ana haki ya kwenda kumuona mtaalamu mchana kweupe kama anavyokwenda mwenye malaria. Watakuuliza maswali ya kawaida kabisa, wana karatasi ya maswali tisa inayotumika dunia nzima na kwa Kiswahili ipo, inauliza wiki mbili zilizopita umelalaje, umekulaje, umekosa hamu ya vitu, unajilaumu, unafikiria kufa. Wewe una kumbukumbu za siku 163 mkononi. Daktari atafurahi kukutana na mgonjwa kama wewe.

Sasa turudi kwenye swali lako. Nikikuelewa, unaniuliza simu au dada. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila nikirudia naona kama kuna mtu wa tatu amekaa katikati hapo hamumtaji, ni yule kijana wa shati la kuchomekea. Dada hamjui. Nitarudi kwake.

Kwanza naomba uondoe aibu. Kujikuta umemwaga moyo kwenye mashine sio ushamba wala dalili ya kuchanganyikiwa, na halijaanza na wewe. Mwaka 1966 profesa mmoja wa chuo cha MIT Marekani, Joseph Weizenbaum, alitoa programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa ya kawaida mno, inachukua maneno yako inakurudishia kama swali, ukisema nina huzuni inauliza kwa nini una huzuni, basi. Katibu wake alikuwa anamuona akiitengeneza miezi na miezi, anajua kabisa kwamba mle ndani hamna mtu. Siku akakaa kuchati nayo, na baada ya kubadilishana maneno machache akamwomba profesa atoke chumbani awaache wenyewe. Huyo alikuwa na akili zake timamu na ofisi yake nzuri. Binadamu akiulizwa na wewe je, anafunguka, hata anayeuliza akiwa chuma. Kwa hiyo ukinionyesha mtu aliyeanza kuongea na simu, mimi swali langu la kwanza ni kwamba huku nje nani hakuwa amemuuliza.

Dada yako ameuliza swali hilohilo, sema kwa uchungu wake. Kwani mimi nimekufa? Wewe umelisikia kama hukumu. Mimi nasikia mtu aliyesoma maneno sina mtu wa kumwambia yameandikwa na mdogo wake wa tumbo moja, ndani ya jiko lake mwenyewe, huku anapika ugali wa wote. Naweza kuwa nakosea, simjui, wewe ndo unamjua. Ila fikiria uwezekano kwamba hajachukia programu, amechukia kugundua kwamba hakuitwa.

Tuangalie basi hiyo simu imekufanyia nini, kwa haki yake. Lile duara sio mazingaombwe. Ukivuta pumzi mapigo ya moyo yanapanda kidogo, ukitoa yanashuka, hivyo ukitoa taratibu na kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, mwili unapata taarifa kwamba hatari imepita. Ndo maana ukifika Segerea unakuwa umetulia. Kitu kizuri ni kwamba pumzi ni zako, duara lilikuwa linakuhesabia tu. Jaribu siku moja kwenye daladala simu ikiwa kwenye pochi, vuta kwa kuhesabu nne, toa kwa kuhesabu sita, angalia vibanda vinavyopita. Kama inafanya kazi, basi hapo umeshajua kitu kimoja ambacho hakiishi na bando.

Na zile sura tano zimekuonyesha jambo ambalo hata mimi ningechukua vikao vitatu kuligundua. Mwisho wa mwezi sura za kulia, katikati angalau. Mwanangu, hiyo ni tarehe ya kukatwa mshahara. Haina maana kwamba una ugonjwa unaokuja na mwezi, inawezekana sehemu kubwa ya huzuni yako ina kiasi na tarehe, na hicho ni kitu cha kushika.

Ila kuna kitu kimenigusa. Umehesabu siku za kubonyeza sura, 163, bila kuruka. Deni lililobaki hujaliandika popote kwenye barua. Laki saba na arobaini, umekatwa 80,000 mara sita, hiyo ni 480,000, imebaki 260,000. Miezi mitatu, na wa nne unamalizia 20,000. Saa tisa za usiku unazohesabu hela kwa kichwa, umewahi kuihesabu mpaka mwisho? Wengi wetu tukihesabu usiku tunazunguka tu, namba zinaongezeka zenyewe. Sisemi 260,000 ni hela ndogo kwa mtu anayebakiwa na 170,000 kwa mwezi hapa Dar, na nauli, na kuchangia chakula, na vocha. Nasema ina mwisho, na mwisho unaonekana.

Na kwa kuwa tumeligusa, kuna jambo la sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inazungumzia mwajiri kumkata mfanyakazi kwa hasara. Inataka mwajiri aeleze kwa maandishi hasara ilikuwa kiasi gani na ilitokeaje, mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Robo ya 250,000 ni 62,500. Wewe unakatwa 80,000 bila karatasi. Sikuambii uingie kibandani kesho na sheria mkononi, najua vibanda hivi, bosi anaweza kukasirika akakuambia kafanye kazi huko kwenye sheria, na kazi uliipata kwa mgongo wa rafiki wa dada. Unaweza kuamua kuvumilia miezi iliyobaki. Unaweza kumwomba kwa upole muandikishane kilicholipwa na kilichobaki, ambalo ni jambo la kumlinda na yeye. Unaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanaoshughulikia migogoro ya kazi, kuuliza tu, kuuliza sio kushtaki. Kila njia ina gharama yake. Nimeitaja kwa sababu kwa miezi sita umekuwa unajiona wewe ni mkosaji peke yako, na roboti imekufundisha kupumua, haijawahi kukuambia kwamba huenda na wewe kuna namna umeonewa.

Kuna jambo la lugha pia limenikaa moyoni. Umesema mnaongea kwa Kiingereza cha kuungaunga. Najiuliza unapobonyeza neno la kule, stresi au lolote lile, linabeba kiasi gani cha ulichonacho. Sisi tunasema roho iko juu juu. Tunasema nina unyonge, nimeishiwa nguvu, kifua kimenibana. Tunasema nina mawazo, na mtu wa Dar ukimwambia hivyo hakuulizi ni mawazo mazuri au mabaya, anavuta kigoda. Ulivyoniandikia mimi kwamba ulikaa juu ya ndoo ya maji ukashindwa kumwambia mteja subiri, niliona kila kitu. Sijui kama uliwahi kuiandikia roboti ile ndoo. Jaribu siku moja kujirekodi kwa sauti kwa Kiswahili chako, dakika tano, hakuna anayesikia, uone kama yanayotoka ni yaleyale.

Hapo tunafika kwenye kulipia. Elfu ishirini kwa mwezi, kwenye mshahara wako wa sasa, ni hela ya kufikiria. Unalipia kitu gani hasa? Duara unalo tayari. Sura na kuandika unaweza kuvifanya kwenye daftari la mia tano au kwenye sehemu ya kuandikia ya simu bila bando. Kuandika peke yake kuna nguvu, kuna mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, James Pennebaker, tangu miaka ya 1980 aliwaomba watu waandike yanayowaumiza kabisa, dakika 15 tu kwa siku, siku nne, na wengi iliwasaidia. Siku nne, mwanangu. Kuandika lilelile kila jioni kwa miezi sita ni kitu kingine, hapo mtu anaweza kuwa anatafuna jeraha badala ya kulisafisha. Sijui kwako iko vipi. Ukisoma ya Machi na ya Julai utajua kama unasonga au unazunguka.

Kinachobaki ni roboti yenyewe, kile kitu kinachokujibu saa nane usiku bila kukuchoka. Sikidharau. Ila kabla hujalipa jua na hatari zake. Yale uliyoyaandika yanakaa kwenye kompyuta za watu usiowajua. Mwaka 2023 mamlaka za biashara za Marekani ziliiamuru BetterHelp, kampuni kubwa ya ushauri kwa njia ya intaneti, ilipe dola milioni 7.8 kwa sababu ilikuwa inapeleka taarifa za wateja Facebook na kwingine kwa ajili ya matangazo, huku imewaahidi siri. Sisemi programu yako inafanya hivyo. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kazi Mei 2023, lakini kumfuatilia aliye ng'ambo ni safari. Na programu zenyewe zinafungwa, Woebot ilikuwa maarufu duniani kwa kazi hii ya kuchati, mwaka 2025 ikafungwa, watu wakabaki. Kwa hiyo hata kama utaendelea, toa maandishi yako uyahifadhi kwako, na weka namba ya siri kwenye simu, kwa sababu meza ya jikoni ina watoto.

Lile la kuamka saa nane kuomba hotspoti usijihukumu nalo. Ulijiita mtu wa kilevi. Mimi naona zile siku mfululizo zimewekwa makusudi ili uogope kuzivunja, ndo zinavyotengenezwa, na kwa mtu aliyepoteza kitu kwa dakika moja ya kutokuwa makini, kupoteza hesabu nyingine kunauma mara mbili. Unaweza kuivunja wewe mwenyewe kwa hiari. Chagua siku, usibonyeze, uone asubuhi inakuwaje. Au usifanye hivyo sasa kama bado hujajiandaa.

Tena nilitaka kusahau, mlio wa meseji. Umesema simu ya kazini ikilia moyo unakimbia hata kwa tangazo la bando. Ule mlio ndo uliolia siku ile. Ubadilishe leo, weka sauti tofauti kabisa na hiyo, na kwenye simu yako binafsi weka nyingine tena. Haitamaliza tatizo ila mwili wako hautalazimika kurudi Januari mara arobaini kwa siku.

Sasa dada. Ukifuta programu ili kumridhisha, nahofia atapata simu iliyofutwa na asipate mdogo wake. Utakuwa umeondoa ulipokuwa unasemea halafu bado hujasema. Ukiendelea nayo kimyakimya, kule kusalimiwa kama mpangaji kunaweza kuzoeleka, na hilo linanitisha zaidi ya elfu ishirini. Kumwambia kuna hatari pia, siwezi kukuficha. Anaweza kuumia kwamba ulimficha miezi sita. Anaweza kwenda kumgombeza rafiki yake wa kikoba, ikakurudia kazini. Anaweza kumwambia shemeji kabla hujawa tayari. Haya yote unaweza kumwomba mapema, dada nina jambo, ila naomba likae kwetu wawili kwanza. Na inawezekana akakujibu vibaya siku ya kwanza akakufuata chumbani siku ya tatu, ndugu wengi wako hivyo.

Kama utaamua kusema, nisingeanza na programu. Ningeanza na shati la kuchomekea. Mwambie mlolongo wote kama ulivyoniambia mimi, foleni, meseji, ndoo. Akishajua yule kijana, ile simu itakuwa imejieleza yenyewe. Na sio lazima mkae mkitazamana kama kwenye kikao. Siku akichambua mchele kaa upande wa pili wa ungo, muwe mnatazama mawe. Mambo mazito yanatoka vizuri mikono ikiwa na kazi.

Uliuliza ukiifuta utabaki na nani. Hili siwezi kukujibia nikiwa hapa. Ila leo kabla hujalala, kabla hata ya kubonyeza sura, fungua sehemu ya majina kwenye simu yako utafute mtu mmoja anayepatikana hapahapa Dar saa tisa usiku, ambaye akiona simu yako saa hiyo atapokea. Mpandishe juu kabisa kwenye orodha, mahali pa ile 988. Halafu niandikie uniambie uliandika jina la nani, na kama ilikuchukua muda mrefu kumpata.

Anti